Swali la Nne

Jumamosi, 1 Februari

Mama alikata roho juzi, Alhamisi, jua halijatoka. Miaka themanini na nane. Sikulia. Nilikuwa na kazi — kumfunga kidevu, kumvua pete, kumpigia simu Gershon. Mdogo wangu huyo hakuuliza mama yetu amekufaje. Aliuliza kama mochwari ya Hohoe ina jenereta.

Sasa Mama yuko kwenye friji mpaka mazishi, tarehe 22. Wiki tatu! Eti watu wa Accra wapate nafasi ya kujipanga.

Mchungaji Hiadzi alikuja mchana wa siku ile ile, Mama bado yuko nyumbani. Kijana mpole, mtu wa pwani, ana mwaka mmoja tu hapa mlimani. Akaomba kwa Kiewe, tukaitikia kwa Kiewe. Ndivyo tulivyo. Kugombana tunagombana kwa Siwu, lugha yetu wenyewe, samaki tunanunua kwa Siwu, ila mbele ya Mungu tunavaa Kiewe kama nguo ya Jumapili. Maisha yangu yote jambo hilo halijaniudhi. Juzi limeniudhi. Nimefumbua macho katikati ya sala nikamtazama Mama pale kitandani. Tangu kiharusi cha Novemba Kiewe chote kilikuwa kimemtoka, na vile vineno vyake vya Kiingereza vya sokoni pia. Alibaki na Siwu peke yake. Mtu anaombewa kwa lugha ambayo hata jana yake, akiwa hai, hakuielewa!

Aliniambia mara tatu. Desemba mara mbili, na Jumapili iliyopita. "Gershon asinipeleke na matarumbeta. Mniimbie mbolezi. Na wewe ndiye wa kunijibia." Nikamwambia sawa, Mama, sawa. Kama unavyomtuliza mtoto anayelilia pipi.

Mbolezi! Mara ya mwisho kusikia mbolezi kamili hapa kijijini ni lini? Kanisa lilikuwa halijanunua spika.

Jumanne, 4 Februari

Gershon kaja. Gari jeusi, miwani nyeusi, kabrasha mkononi. Kikao cha familia kimekaa uani tangu saa nne, na aliyezungumza ni yeye.

Bendi ya matarumbeta kutoka Ho. Kijitabu cha mazishi, kurasa thelathini na mbili, picha za rangi, wasifu kwa Kiingereza. Kila ukurasa "Madam Christiana". Nani katika maisha yake alimwita mama yule Christiana? Kijana wa kurusha mubashara, ili ndugu wa Kanada waone. Ibada Kiingereza, mahubiri Kiewe.

Nikauliza, na Siwu iko wapi humo?

"Dada, wageni mia tatu wanatoka nje. Nani ataelewa?"

Nikamwambia marehemu ataelewa. Wakacheka! Walidhani natania.

Nikawaambia Mama alichoniagiza. Wazee wote wakainamisha vichwa, kila mtu akaanza kukagua vidole vyake vya miguu. Gershon akauliza nani bado anazijua hizo mbolezi. Nikasema Mama alizijua. Akasema, "Basi. Na Mama ndiye aliyekufa." Hivyo hivyo, mbele za watu, huku anafunga kabrasha lake.

Nilinyanyuka nikaenda kupepeta mchele. Nimepepeta kwa hasira mpaka nusu umemwagika. Mchele mwekundu wa shamba la Mama mwenyewe. Kuku wamekula vizuri leo.

Jumatano, 5 Februari

"Na Mama ndiye aliyekufa." Hana haya! Mtoto aliyefundishwa kutembea kwa kuimbiwa Siwu.

Amebaki mwanamke mmoja anayezijua. Namjua. Naye ananijua, na hapo ndipo penye taabu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda kwa Mama Afeafa.

Nilimkuta mlangoni kwake anachambua chikichi. Ana miaka themanini na nne, mgongo umempinda lakini macho yanakata. Hakunipa maji. Naandika hilo kwanza kwa sababu ndilo lililonichoma. Huku kwetu hata askari aliyekuja kukukamata unampa maji kabla hajasema shida yake. Mimi nimesimama pale, koo limekauka, na mtungi nauona.

"Mwalimu leo kapotea njia," akasema. Mwalimu. Si mwanangu.

Nikamweleza. Akaendelea na chikichi zake mpaka nikamaliza.

"Mama yako yuko nyumbani?"

"Yuko Hohoe, Mama. Kwenye friji."

"Basi nyumbani kwenu hakuna maiti. Na mbolezi haiimbwi penye watu wazima wa afya. Nikufundishe leo, namwita nani? Unataka kunizika mimi?"

Mwiko huo naujua, nani asiyeujua. Mbolezi hazina mazoezi. Unaziokota msibani, ukiwa mtoto, umekaa miguuni kwa mama yako maiti akiwa chumbani. Ndiyo maana wale vijana wa chuo kikuu waliokuja na vinasa sauti Mama Afeafa aliwapa hadithi, akawapa mvinyo wa mnazi hadi wakalewa, wimbo hata mmoja hakuwapa. Na ndiyo maana zimekufa. Miaka thelathini msiba ni spika, kwaya na jenereta. Mtoto ataokota nini hapo?

Nikamwambia maiti italetwa Ijumaa tarehe 21, saa nane mchana, na mazishi ni kesho yake. Akahesabu kwa vidole. "Saa nane mpaka jua kuzama. Kwa anayejua lugha yake, zinatosha."

Halafu akanieleza kama anayemweleza mgeni. Maswali ni manne. Yeye anamuuliza maiti kwa wimbo, na binti wa maiti anajibu kwa niaba yake, kwa wimbo. Wewe ni mtoto wa nani? Ulilima wapi? Uligombana na nani, na mlipatanaje?

"La nne unalijua," akasema.

Nikasema silijui.

"Unalijua."

Na sharti lake. Ukichomeka neno la Kiewe au la Kiingereza, yeye ananyamaza, mnaanza upya mwanzo kabisa. Maiti asiyejibiwa habebwi na wanawake. Watambeba wanaume tu, kama mzigo wa saruji. Mama yangu alipomjibia bibi yangu alianzishwa upya mara mbili, na yeye hakuwahi kuingia darasani.

Nikadhani tumekubaliana. Nikaanza kushukuru. Akaniinulia mkono wenye mafuta.

"Mimi siji kwenu. Mpaka uende kwa Felicia. Uende kwa miguu yako, umwambie kwa Siwu."

Nimerudi nyumbani. Namkasirikia bibi kizee aliyefiwa na rafiki yake! Lakini nina haki gani?

1991. Darasa la nne. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu mpya, viatu vinang'aa. Tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. MIMI NI MJINGA, NIMEONGEA KILUGHA. Akishikwa mtoto anaongea Siwu anavishwa shingoni, anatembea nacho mpaka amshike mwenzake. Felicia, binti wa Mama Afeafa, hakumshika mwenzake. Alikuwa anasikia wenzake wakiongea na hamtaji mtu. Nikamwacha nacho wiki nzima. Mpaka nyumbani, mpaka kisimani, mpaka kanisani siku ya Jumapili. Mimi. Hiyo wiki nzima sikutumwa na mtu. Sheria ilikuwa siku moja, hata kama hujamshika mwenzako.

Waliniita Dzigbordi, yaani subira. Walikosea.

Jumatatu, 10 Februari

Hohoe. Felicia ana duka la vitenge, kubwa, lina kiyoyozi. Mwanamke mnene, mzuri, ana pete vidole vitatu. Aliponiona akasimama wima, mikono nyuma, kama darasani. Sijui ilikuwa dhihaka au mwili ulikumbuka wenyewe.

Wateja wanne walikuwepo. Nilitaka kusubiri watoke, nikajiambia yeye hakusubiriwa. Nikasema kwa Siwu, kwa sauti: Felicia, nilikukosea, nilikuaibisha mbele ya watu, nisamehe mbele ya watu.

Akaangua kicheko, akanijibu kwa Kiingereza. "Madam! Unaongea kilugha? Nikutafutie kibao?"

Wateja hawakujua kinachochekesha, wakacheka tu. Nami nikasimama. Nilistahili.

Baadaye alinikalisha kiti cha ndani akanipa soda. Akasema alinisamehe zamani, hana muda wa kubeba mambo ya shule. Ila nimsamehe na yeye, Siwu hawezi kunijibu. Anaielewa, lakini ikifika mdomoni inakwama. Wanawe watatu hawajui hata kusalimia. "Niliapa hawatavishwa kitu shingoni, Madam. Nikawapa Kiingereza tangu tumboni."

Sikujua pa kutazama. Nikatazama vitenge. Nilitoka pale nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani, nikamfokea mwenye machungwa ambaye hajanikosea kitu.

Alhamisi, 13 Februari

Mama Afeafa kanipa maji. Kata nzima, nimekunywa yote. Amesikia kutoka kwa Felicia. Atakuja.

Sasa Mchungaji. Nilimkuta ofisini anapanga viti kwenye karatasi. Nikamwambia mbolezi, kabla ya ibada, nyumbani. Akakuna kichwa. Hajui zinasema nini, je, kama zinaita mizimu? Wazee wa kanisa watamwambiaje?

Nikamwambia mchungaji mwanangu, una mwaka mzima hapa, unazika watu wetu, unabatiza watoto wetu, hujajifunza hata kusema "pole" kwa Siwu. Na leo unaniuliza zinasema nini! Zinasema mtu ni mtoto wa nani na alilima wapi. Kama hilo ni mizimu, basi futa na kijitabu cha Gershon, maana kinasema hayo hayo kwa kurasa thelathini na mbili.

Akainama juu ya karatasi yake ya viti, maskini. Mwishowe: "Mama, Jumamosi ibada ni saa tatu kamili. Kabla ya saa tatu mimi nitakuwa kanisani, sitasikia kitu." Halafu akaniuliza "pole" ni nini kwa Siwu. Nikamwambia. Akairudia vibaya. Nikamsahihisha kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Ualimu haunitoki.

Gershon kwa simu: sawa, Ijumaa saa nane gari la maiti litafika. "Umefurahi sasa, Dada?" Mtoto mshenzi.

Jumatatu, 17 Februari

Maneno unaweza kuyatafuta. Kuyaimba ndiyo marufuku. Basi nimekaa tangu asubuhi natafuta.

Swali la kwanza nimeliweza. Ukoo nimeutaja mpaka kwa yule bibi aliyechoma mkaa wa wafua chuma. La pili pia. Mashamba matatu, la tatu lile bishi, gumu kulimika, na mpunga wake mwekundu.

La tatu limenikalisha. Uligombana na nani? Mama hakuwa mtu wa ugomvi. Aligombana na mimi. 1991, wiki ile ya kibao. Alipomwona Felicia kisimani na kibao shingoni alikwenda akamtua ndoo, akambebea. Tangu siku hiyo hakula chakula nilichopika. Mwezi mzima! Ananikuta jikoni, anapika chake pembeni, kwenye mafiga yake. Nilijifanya sioni. Mlipatanaje? Hatukupatana. Siku moja aliniomba chumvi tu, yakaisha. La Felicia hatukulizungumza mpaka amekufa.

Na la nne limenijia wakati naosha vyombo. Nimeangusha sufuria.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi amelazwa sebuleni, uso umepakwa poda. Mimi nimekaa miguuni kwa Mama, najisikia usingizi, natafuna ukoko wa wali. Mama Afeafa anaimba, Mama anajibu. Swali la nne si la maiti. Mwimbaji anamgeukia yule anayejibu, anamuuliza yeye: Na wewe, siku yako, nani atakujibia?

Mama akaimba jina langu. Dzigbordi. Nilishtuka mpaka ukoko ukaniponyoka. Wanawake wote wakanitazama, wakaitikia jina langu mara tatu, mmoja akanifinya shavu. Nilijiona mkubwa kuliko watu wote.

Selasi. Binti yangu mmoja. Muuguzi, Kumasi. Anajua Kiingereza, Kitwi, Kiewe cha kanisani, na sasa anajifunza Kijerumani kwa simu kwa ajili ya kazi. Siwu hajui. Sikumfundisha. Alizaliwa 1993, miaka miwili baada ya kibao, nami nilikuwa nimeshaona Mama alivyochukizwa, lakini nilikuwa na kichwa kigumu. Nilimwambia Mama wazi: mtoto wangu hatavishwa. Maneno yale yale ya Felicia! Mama alikuwa anamsemesha kwa Siwu, nami namkatiza. Akisemeshwa Siwu mezani nilikuwa nagonga meza kwa kijiko.

Jumatano, 19 Februari

Nimejaribu kuongea tangu kuamka bila neno la kuazima. Nimeshindwa kabla ya kifungua kinywa. Simu. Sukari. Chai. Jumatano! Hata siku za wiki si zetu.

Na daftari hili? Naliandika kwa lugha gani? Zaidi ya miaka thelathini ya ualimu na sijawahi kuandika ukurasa mmoja kwa Siwu. Hata orodha ya sokoni.

Selasi kafika jioni. Kanikumbatia, kalia, karembo kangu. Nilimwambia taratibu kuhusu mbolezi na maswali manne. Nimemweleza kwa Kiingereza, bila shaka. La nne sikumwambia. Akasema, "It's so beautiful, Mummy, niirekodi?" Nikampigia kelele. Hajui kwa nini. Amekwenda kulala bila kula.

Ijumaa, 21 Februari

Andika, Dzigbordi, kabla hujapasuka.

Leo ni Siku ya Lugha Mama Duniani. Haikuweza kuwa siku nyingine! Shule yangu ya zamani iliandaa sherehe, na tangu Januari nilikuwa nimekubali kuwa msemaji mkuu. Mtetezi wa Lugha, ndivyo walivyoniandika kwenye bango. Kwa sababu baada ya kustaafu nilikaa kwenye kamati iliyokutana mara nne ikatoa kalenda. Nilihesabu saa: sherehe kuanzia saa nne, saa saba niko nyumbani, saa nane maiti.

Fulana za bluu kwa watoto mia mbili. Kifuani maandishi makubwa: ONGEA LUGHA YAKO. Kwa Kiingereza! Wageni wa wilaya walichelewa, wakafika saa sita na nusu, hotuba zikaanza saa saba. Kwa Kiingereza. Utofauti wa lugha za Afrika ni urithi wetu. Tuulinde, tuukuze. Watoto wanapiga makofi wakiona mwalimu amepiga. Ukutani pale nyuma, msumari ule ule. Kibao kilikuwa kinaning'inia pale. Wamepaka rangi juu yake lakini msumari upo.

Nimeitwa saa saba na dakika arobaini. Nimeshika maiki, na hotuba yangu, kurasa nne, Kiingereza kitupu. Simu ikatetemeka. Gershon. Nikapokea, pale pale jukwaani, nani angenizuia?

"Dada, mabadiliko kidogo. Marafiki wa Accra wanafika kesho, tunataka msafara mmoja na gari la maiti, itapendeza kwenye mubashara. Maiti itafika kesho saa mbili."

Saa mbili. Ibada saa tatu. Ule muda wa mpaka jua kuzama umepotea, mchana wote umepotea, nafasi ya kujifunza hata mstari mmoja imepotea! Nimemuuliza yuko wapi huyo maiti sasa hivi. Akasema kwenye friji bado, Dada, usijali, yuko salama.

Nikakata. Maiki bado mkononi, imewashwa. Nikafungua mdomo, ikatoka Siwu. Sijui ilitoka wapi. Nikawaambia nyinyi ni wauaji wenye fulana. Mmemfungia mama yangu kwenye baridi ili apendeze kwenye simu. Mmekuja kuisifu lugha yetu kwa midomo ambayo haiwezi kuagiza maji kwa lugha hiyo. Na mimi ndiye mkubwa wenu, nikasema, kwa sababu nyinyi mmeikuta imelala, mimi niliipiga fimbo hapa hapa, kwenye shingo za watoto, ule msumari muuone! Nikatukana na kidogo. Sawa, si kidogo.

Unajua walifanya nini? Wakasimama. Wakapiga makofi! Mgeni wa wilaya alifuta machozi. Walidhani ni kipande cha utamaduni. Mwalimu mkuu akaja kunong'ona kwamba nimewagusa sana, kama ningeweza kuandika tafsiri wairushe mtandaoni. Watu watatu tu walielewa, wazee wawili wa mstari wa nyuma na mpishi wa shule. Wazee walikuwa wamejificha nyuma ya kofia zao. Mpishi alinitazama tu. Alikuwa darasa moja na Felicia.

Nimetembea mpaka kwa Mama Afeafa. Nimemwambia kesho saa mbili, na saa tatu ibada. Sikumaliza sentensi nikaanza kulia, ndiyo mara ya kwanza tangu Mama afe. Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Atakuwa nyumbani saa nzima. Saa nzima ni saa nzima."

Nikasema sijui sauti, Mama, sijafundishwa sauti.

"Ulikuwepo ulipokuwa na miaka tisa. Ulikuwa unatafuna ukoko."

Jumamosi, 22 Februari

Saa tatu kasorobo. Niko chumbani kwa Mama, nimeshindika mlango. Naandika ili nifikiri.

Wamefika saa mbili na dakika kumi. Magari kumi na mawili, yote yamewasha taa. Matarumbeta yalianza barabarani, nikatoka na mwiko wa ugali mkononi, na yakanyamaza. Gershon alitaka kusema kitu. Nikamtazama tu.

Mama amelazwa sebuleni, pale pale alipolazwa Bibi. Amekuwa mdogo sana, na bado ana baridi ya friji. Nilimshika mguu nikauachia.

Mama Afeafa kaketi kwenye kigoda, upande wa kichwa cha Mama. Wanawake wamejaa mpaka ukumbini. Felicia kaja, amevaa nyeusi, kaketi sakafuni na pete zake tatu, mbali na viti. Mama Afeafa ameanza. Sauti yake inakatikakatika, lakini hata yule kijana wa kurusha mubashara akashusha simu yake mwenyewe. Wewe ni mtoto wa nani?

Nimejibu! Imekuja. Sauti ilikuwa humu ndani siku zote, imelala chini ya hesabu na Kiingereza na Mungu. La kwanza nimejibu bila kusitasita. La pili, katikati nikasema "traktori" — akanyamaza. Tukaanza upya. Wazee wakacheka kidogo, nami nikacheka na kamasi zangu. Mara ya pili nikapita. La tatu nikaimba yote: kibao, wiki nzima, ndoo aliyombebea Felicia, mwezi mzima hali chakula changu, chumvi. Nyuma yangu nikasikia mtu analia kwa kwikwi, na akaitikia. Felicia. Kwa Siwu! Kama mtoto wa miaka kumi, vile vile, sauti nyembamba. Mama Afeafa alifumba macho aliposikia.

Kisha akanigeukia mimi, akaimba la nne.

Na wewe, siku yako, nani atakujibia?

Akaimba tena. Watu wote wananitazama, na Selasi yuko mlangoni, leso mdomoni, macho mekundu, ananiinulia kidole gumba kunitia moyo. Hajui nimeulizwa nini! Nikitaja jina lake wataliitikia mara tatu, nalo litakuwa uongo juu ya maiti ya mama yangu. Nisipolitaja, Mama habebwi. Nikasema natafuta kitambaa. Nikaingia humu.

Nimeandika jibu, nimelikata. Nimeandika "hakuna", nimelikata. Nimeandika "Felicia" — hivi naruhusiwa? Nani wa kumuuliza, mwenye kujua amekaa kwenye kigoda na haruhusiwi kusema nje ya wimbo. Kengele ya kanisa imegonga ya kwanza. Namsikia Gershon uani anauliza kuna tatizo gani.

Sebuleni wananisubiri tu.

Selasi anabisha. "Mummy? They're waiting for you."

Nimemjibu kwa Siwu. Nimemwambia, ingia, mwanangu, nakuogopa.

Hakuelewa. Amebisha tena.